Baada ya Kuokolewa: Arudi Kwao, Akae Nyumba Salama au Apate Familia Nyingine?

Siku ya tatu tangu aletwe kwetu niliamka saa kumi na nusu alfajiri nikasikia ufagio nje. Nilipofungua mlango wa jikoni nikakuta uwanja umeshafagiliwa, baraza imepigwa deki, ndoo nne za maji zimejaa, naye amechutama anasugua viatu vya mume wangu. Alikuwa na miaka 16. Nikamwambia, "Mwanangu, bado usiku huu, rudi kalale." Akapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji. "Nisamehe bosi, sitarudia."

Sikuelewa anaomba msamaha wa nini, na nadhani hata yeye hakujua. Miaka mitatu katika nyumba moja ya Arusha mjini, bila mshahara na bila kutoka geti, ilikuwa imemfundisha kwamba mtu mzima akisimama mlangoni, basi kuna kosa limefanyika.

Mimi na mume wangu tunaishi Rau, Moshi. Tumeorodheshwa ustawi wa jamii kama familia ya kuaminika, yaani ya kupokea kwa muda watoto wa namna hii, na kwa miaka tisa tumepokea vijana sita waliookolewa kwenye usafirishaji haramu wa binadamu: wasichana watano waliotoka kwenye kazi za ndani na kwenye baa, na mvulana mmoja aliyetoka machimboni Mererani. (Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasijulikane.) Swali ninaloulizwa zaidi na ndugu wa vijana hawa ni hili: ameshapatikana, sasa tumweke wapi? Naandika kwa ajili ya huyo shangazi, huyo mjomba, huyo bibi au jirani mwema aliyepigiwa simu na polisi au ustawi, anayetakiwa kuamua ndani ya wiki hii.

Kipimo ninachotumia

Ndugu wengi huchagua kwa kuangalia wiki ya kwanza. Nani ana kitanda? Nani yuko karibu? Nani hatamsema? Mimi nimejifunza, na aliyeumia katika kujifunza kwangu ni mtoto wa watu, kuuliza habari za mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu huruma za watu zimepoa, mfadhili ameshahamia mradi mwingine, kesi imeahirishwa mara nyingi, na kijana ana miaka 19 yuko peke yake chumbani anatetemeka kwa malaria. Atampigia simu nani? Pale unapoweza kulijibu swali hilo kwa kutaja jina la mtu, ndipo mahali pa kumpeleka.

Kambodia kuna watafiti waliowafuatilia manusura 128 wa usafirishaji haramu na unyonyaji wa kingono kwa takriban miaka kumi, kuanzia 2010. Walichokikuta kinafanana sana na haya ya kwetu. Wengi walisumbuliwa na maisha ya baada ya kutoka vituoni: umaskini uleule uliowatoa nyumbani, shida za pesa za familia, maneno ya majirani. Nilipolisoma hilo niliwaona vijana wangu.

Kuna jambo jingine linalobadilisha hesabu yote. Watu wakisikia usafirishaji haramu wa binadamu hufikiria ndege na Uarabuni. Huko nako wapo, lakini sehemu kubwa ya biashara hii hapa Tanzania hufanyika ndani ya nchi, kwa basi la kawaida, na tiketi imelipwa na mtu anayejulikana kijijini. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haidai mtu awe amevuka mpaka. Na akiwa mtoto, yaani chini ya miaka 18, kukubali kwake si utetezi wa aliyemchukua. Kwa hiyo kabla hujalinganisha mahali popote, jibu kwanza: nani alimtoa nyumbani, na mtu huyo yuko wapi leo?

Kurudi kwao

Maofisa wa ustawi huanzia hapa, na wako sahihi kuanzia hapa. Mtoto ana haki ya familia yake, na hakuna nyumba itakayompa kile anachopewa na watu wa damu yake. Yule binti wa alfajiri alikuwa Mnyaturu kutoka Singida. Kwangu alikuwa ananong'ona. Hata akiomba chumvi mezani ulilazimika kuinama umsikie. Siku tuliyompata bibi yake kwa simu ya mtendaji wa kijiji, akaanza kuongea Kinyaturu, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake. Nene, ya kifuani, inacheka katikati ya sentensi. Mume wangu aliacha kula akanitazama. Hatukuwa tumejua kwamba ana sauti.

Ukiona hivyo unatamani kumkatia tiketi kesho yake, na mimi niliwahi kufanya hivyo. Si kwa huyu. Kwa wa pili niliyempokea. Mama yake alikuja mwenyewe, akalia sana, tukalia wote, na baada ya wiki sita tu nikakubali aondoke na nikahimiza ustawi waharakishe. Miezi minane baadaye binti huyo alikuwa amerudi mjini kwa wakala mwingine. Mama hakuwa mtu mbaya. Ila palepale nyumbani palikuwa na deni la mbegu, wadogo wanne, na baba wa kambo aliyemuuliza kila jioni, "Umekaa mjini miaka yote hiyo, umetuletea nini?" Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za baba huyo kabla ya safari. Mimi sikuuliza.

Tangu hapo nawatenganisha wazazi katika mafungu matatu, na jibu langu linategemea fungu. Wapo waliodanganywa: waliambiwa mtoto anakwenda kusomeshwa. Hao, mara nyingi, nyumbani kwao ni pazuri, wanahitaji tu nguvu ya kumpokea. Wapo waliojua anakwenda kufanya kazi ila hawakujua mateso. Hapo pana kazi ya kufanya kwanza, maana umaskini uliowasukuma bado umekaa mlangoni. Na wapo waliokuwa wanapokea chochote, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwa kupitia shangazi. Kwa fungu hili nasema hapana, angalau kwa sasa, na nalisema mbele ya mzazi mwenyewe kwa heshima zote.

Kwa familia za huku Uchagani nina neno la ziada, na naomba ndugu zangu msinichukie. Desemba watu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kinajaa magari, mbuzi wanachinjwa. Januari magari yanashuka, na si mara moja nimeona ndani ya gari kuna binti wa miaka 13 au 14 wa jirani "anayekwenda kusaidia kidogo na kusomeshwa". Sheria zetu zinaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomzuia shule wala kumdhuru. Kulala jikoni na kuamka saa kumi hakumo. Kama aliyemchukua binti yako ni mtu wa kupanda kila Desemba, basi kumrudisha kihambani ni kumweka pale atakapokutana naye kila mwaka, kwenye misa, kwenye sherehe, akiambiwa amwamkie. "Shikamoo" kwa mtu aliyekufungia stoo ni mzigo mzito sana.

Ukiamua arudi, arudi polepole. Aende wikiendi, arudi, aseme alivyojisikia. Ofisa wa ustawi wa wilaya anakokwenda awe na jina lake mezani kabla hajafika. Na asirudi mikono mitupu, maana kijijini mikono mitupu ya mtu aliyetoka mjini inaongelewa kuliko majeraha yake. Sisi tulimpa yule Mnyaturu magauni mawili mapya, blanketi la bibi na kilo tano za sukari. Mtu anaweza kuona ni mambo ya juu juu. Bibi aliwaonyesha majirani blanketi lile wiki nzima.

Nyumba salama

Nyumba salama, yaani kituo cha kuwahifadhi waliookolewa, ina ubora wake ambao familia haiwezi kuufikia, na wanaoidharau hawajawahi kukaa na binti anayetaka kujidhuru usiku wa manane. Kuna mlinzi. Kuna mtu aliyesomea. Kuna wasichana wengine ambao hawahitaji kuelezwa, maana yamewapata pia. Msichana wangu mmoja aliyetoka baa za mpakani aliniambia kwamba siku ya kwanza nyumba salama, mwenzake wa kitanda cha juu alimuuliza tu, "Wewe walikuchukulia simu?" Akajibu ndiyo. Wakalala. Mimi nisingeweza kumpa usingizi ule.

Basi nyumba salama naichagua bila kusita pale ambapo aliyemdhuru anaishi karibu au ana pesa ya kumtafuta, pale kesi ndiyo kwanza imefunguliwa, pale binti ni mjamzito au amenyanyaswa kingono na hajaanza kulala, na pale ambapo familia bado haijachunguzwa. Naichagua kwa miezi, si kwa miaka.

Kwa nini si kwa miaka? Binti aliyekaa muda mrefu kwenye nyumba yenye kengele ya kuamka, kengele ya kula na geti, anatoka akiwa salama lakini hajui maisha. Mmoja alikuja kwangu baada ya miaka miwili na nusu ya nyumba salama. Nilimpa pesa akanunue nyanya na sukari pale Kiboriloni, siku ya soko. Alirudi analia, pesa ameishika mkononi. Hakujua bei ya chochote, wala hakujua kwamba unaweza kusema "punguza". Alikuwa ametoka kwenye geti la bosi akaingia kwenye geti la wema, lakini geti lilikuwa geti, na ufunguo wote alikuwa nao mtu mwingine.

Ukienda kuitazama nyumba salama, usikae ofisini ukaonyeshwa picha. Omba kujua siku ya kutoka ikoje: nani humfuatilia, kwa muda gani, kwa pesa ya nani. Uliza kama imesajiliwa na kama ndugu wema wanaruhusiwa kumtembelea. Uliza walezi wanakaa kazini muda gani kabla ya kuondoka, maana mtoto aliyezoea mtu kisha akaamka mtu hayupo anajifunza tena kwamba watu hawakai. Na uliza kuhusu picha. Mahali panapomweka mtoto wa watu kwenye bango la kuombea misaada, uso wake waziwazi, mimi sipeleki mtu. Picha ile ataolewa nayo, ataombea nayo kazi.

Familia ya kuaminika na malezi ya kambo

Hapa nina upande, kwa kuwa ndimo nilimo, kwa hiyo nitaanza na ubaya wake.

Hatari kubwa ya kumpeleka binti aliyetoka kazi za ndani kwenye familia nyingine ni kwamba anaweza kuwa dada wa kazi tena, safari hii kwa jina la "mwanangu". Wala hakuna atakayekuwa amekusudia. Yeye mwenyewe ataamka saa kumi kabla hujamwomba. Ataosha vyombo vyote. Atakataa kukaa kwenye kochi. Mama wa nyumba amechoka, ametoka kazini, anakuta chakula kiko tayari. Ni rahisi kiasi gani kusema "Mungu akubariki" na kuzoea? Jirani yangu aliniuliza wiki ya kwanza, "Mmepata dada?" Nilijibu kwa sauti ili binti asikie, "Tumepata mtoto." Lakini maneno ni mepesi.

Tulichofanya ni kuandika kazi za nyumba kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa jiko, jina la binti yetu wa kumzaa na jina lake yeye, siku kwa siku. Kazi ambayo binti yetu haifanyi, na yeye haifanyi. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi hakuna kazi. Jumapili mchana vyombo vinaoshwa na mume wangu, na hilo lilimshtua kuliko yote; alisimama mlangoni anamtazama baba anaosha sufuria kana kwamba kuna mtu atapigwa. Miezi minne ilipita kabla hajalala mpaka kukuche. Siku hiyo nilizunguka nyumba kwa kunyata, nikawakataza wote wasiwashe redio.

Ubaya wa pili: familia huchoka. Familia ya kuaminika haina mshahara. Kuna ada, kuna hospitali, kuna usiku wa makelele, kuna mtoto wako wa kumzaa anayekuuliza kwa nini mwenzake hagombezwi. Familia ikishindwa baada ya mwaka na kumrudisha ustawi, kwa mtoto huko ni kufukuzwa mara ya pili. Kama huna uhakika wa miaka miwili, ni afadhali useme mapema ukae na sehemu ya kumtembelea tu.

Uzuri wake ni kwamba maisha anayajifunza akiwa ndani yake: sokoni, kanisani au msikitini, kwenye msiba wa jirani, kwenye ugomvi wa kawaida wa nani amemaliza maziwa. Na mwaka wa tatu ukifika, simu ina mtu wa kuipokea. Ukilinganisha na nyumba salama, familia ni dhaifu zaidi mwezi wa kwanza na ina nguvu zaidi mwaka wa tatu. Ukilinganisha na kurudi kwao, haina damu wala lugha yake, ila haina pia yule mtu wa Desemba.

Jambo la sheria lisipuuzwe. Usimchukue mtoto stendi ukamweka kwako kwa huruma, hata ukiwa na nia safi, kwa sababu nje hakuna atakayekutofautisha na aliyemchukua mwanzo. Pita ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, uandikishwe, uchunguzwe. Malezi ya kambo yana kanuni zake za mwaka 2012 chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ofisa anatakiwa kuja kuona mtoto anaishije. Mlezi anayekasirika akikaguliwa, mimi nina mashaka naye.

Chumba chake mwenyewe

Huku ni kwa aliyefikisha miaka 18 na ambaye ameshatulia. Faida yake ni ufunguo. Anafunga, anafungua, anakula anachotaka saa anayotaka. Kwa mtu aliyeishi chini ya ratiba ya mwingine tangu utotoni, hiyo ni dawa. Hasara yake ni usiku, upweke na kodi, maana wenye nyumba wengi wa Arusha na Moshi wanataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Wawili wakikaa pamoja ni bora kuliko mmoja.

Kabla ya chumba, kitambulisho. Wengi wa vijana hawa hawana cheti cha kuzaliwa, na bila hicho namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, inakuwa safari ndefu. Bila NIDA huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini huna mahali pa kuweka pesa. Kumbuka jinsi walivyoibiwa. "Mshahara wako nakutunzia." "Nimemtumia baba yako." Siku binti wetu wa Singida alipopata laini yake alijitumia shilingi elfu moja kutoka kwenye simu yangu, akasoma ule ujumbe wenye jina lake kamili, akausoma tena, akaomba nisiufute hata kwenye simu yangu. Popote utakapomweka, pesa yake ipite mkononi mwake.

Sasa anaishi Njoro na mwenzake. Nyumba salama alikaa miezi mitano, kwetu miaka miwili na kidogo, Singida anakwenda mara mbili kwa mwaka na kurudi. Mahali pote hapa ninapopalinganisha amepita, kwa zamu. Wengi huishia hivyo, kwa hiyo usiteseke ukidhani unachagua mara moja kwa maisha yote. Unachagua patakapofuata.

Shule, ufundi au mtaji

Swali hili huja mara tu baada ya la kwanza, na watu wazima hulijibu kwa haraka mno. "Apewe cherehani." Nimeona cherehani zikigawiwa kwa makofi na baada ya mwaka zimegeuka meza ya kuwekea redio, kwa sababu hakuna aliyeuliza wateja watatoka wapi.

Kama ana chini ya miaka 18 na anaweza kukaa darasani, mimi naipa shule nafasi ya kwanza. Milango imefunguka kuliko zamani. Aliyeikosa shule ya msingi anaweza kuingia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umeruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata mimba, kurudi kwenye mfumo rasmi. Na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya kusoma sekondari kwa miaka miwili badala ya minne. Njia hiyo inamfaa sana msichana wa miaka 17 asiyetaka kukaa dawati moja na watoto wa miaka 13. Aibu ya umri imewatoa shule wengi kuliko ugumu wa hesabu.

Mvulana wetu wa Mererani hakuweza. Kule mashimoni watoto wembamba kama yeye huitwa nyoka, kwa kuwa hupenya pasipopenya mtu mzima. Darasani alitaka kukaa karibu na mlango tu, na nyumbani kila umeme ulipokatika alikimbia nje, hata akiwa na kijiko mdomoni. Kumlazimisha shule kungekuwa ukatili. Tulimpeleka VETA, chuo cha ufundi stadi, hapa Moshi, uchomeleaji. Karakana ina milango mipana na mwanga mkali, na fundi wake hakumuuliza maswali. Ufundi una sifa hiyo: mikono inafanya kazi wakati moyo bado haujawa tayari kusema. Vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo ni vya kuangaliwa, hasa kwa binti mwenye mtoto mchanga, maana baadhi vina sehemu ya watoto. Kwa Arusha, chuo cha VETA cha hoteli na utalii kipo Njiro, lakini kwa aliyetoka baa au nyumba za wageni mwulize kwanza kama anataka kurudi kwenye vyumba vya wageni, hata kama soko la kazi liko huko.

Mtaji naupa nafasi ya mwisho, na uwe mdogo, kwa awamu. Pesa nyingi mara moja kwa kijana ambaye hajawahi kushika yake huleta ndugu waliopotea miaka yote.

Ushauri nasaha, na kesi

Usisubiri apatikane mwanasaikolojia. Hapa hapa Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, ulifanyika utafiti wa tiba ya kiwewe kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, ukachapishwa mwaka 2020. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, watoto walikutana kwa vikundi, vikao 12, na walezi wakawa na vikao vyao. Katika maeneo matatu kati ya manne dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliopata tiba hiyo kuliko kwa wenzao waliopata huduma za kawaida. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana Kenya, wakati huku kwetu makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Watoto wale hawakuwa wamesafirishwa, walikuwa wamefiwa, lakini mimi nimechukua jambo moja: mlezi naye aingie. Kikundi naona kinawafaa wengi. Mtu mmoja mmoja ni kwa yule mwenye siri ambayo hata wenzake wa kitanda hawaijui. Maombi yasaidie, yasizuie dawa wala ushauri, na asilazimishwe kutoa ushuhuda mbele ya watu.

Kuhusu kesi, watu watakushawishi mmalizane nyumbani. Bosi atatoa kiasi, baba atapokea, na binti hataona hata nauli. Kesi ni ndefu na inachosha, ila mahakama inaweza kuamuru fidia kwa aliyedhurika, na kumbukumbu inabaki. Omba dawati la jinsia na watoto la polisi wachukue maelezo yake mara moja tu, vizuri, ofisa ustawi akiwepo, ili asirudie hadithi ileile kwa kila askari anayebadilishwa zamu. Kama mnakwenda mahakamani, basi nalo lihesabiwe katika kuchagua mahali: Singida hadi Arusha kila tarehe ya kutajwa ni safari ya mtu mzima, si ya mtoto.

Kama simu umepigiwa leo

Kwa hiyo, ningekuwa wewe? Kama hujui nani alimtoa nyumbani, aanzie nyumba salama hadi ijulikane. Kama alidanganywa pamoja na wazazi wake na kwao hakuna wa kumtesa, arudi, kwa hatua, kabla hajazoea kuishi bila wao. Kama kwao ndiko alikouzwa, itafutwe familia, na wewe shangazi ubaki shangazi: mpigie kila Jumapili, umtembelee, usipotee kwa kuona haya. Mwenye miaka 18 na kuendelea aulizwe yeye, halafu aulizwe tena baada ya mwezi, maana jibu la kwanza la mtu aliyezoea kutii ni lile analodhani unalitaka.

Namba 116 ni ya Simu kwa Mtoto, haitozwi. Ukifika ofisi ya ustawi, chukua jina na namba ya ofisa anayelishughulikia faili lake, na ya yule wa wilaya anakotoka, uziandike kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Omba nakala ya karatasi za hospitali na za polisi. Muulize binti kama ana nguo yake iliyobaki kule alikotolewa, au picha, au hata khanga ya mama yake. Polisi wanaweza kwenda kuichukua, na hakuna atakayekumbuka kuomba hilo isipokuwa wewe. Kisha nunua maji na ndizi za njiani, kaeni kiti kimoja kwenye basi, yeye dirishani.